Kale kamashine ka kidoleni kanaona nini hasa? Maswali yenu na majibu

Maswali yamekuja mengi, nimechukua saba, na ukiyaangalia vizuri yote yanauliza kitu kimoja, kwamba kipimo kimetoa namba au kimetoa mstari, sasa kimejuaje? Mimi ni fundi wa vifaa tiba, mezani kwangu siku zote kuna mashine iliyopasuliwa tumbo, na kitu ninachotamani kila mtu akijue ni kwamba hakuna mashine inayoiona oksijeni yenyewe, wala malaria yenyewe, wala umri wa mfupa. Inaona mwanga, au rangi, au harufu, halafu inapiga hesabu kutoka hapo. Ukishajua inaona nini unajua na pa kuitilia shaka.

Fundi, mama yangu anaumwa kifua, tulimnunulia kale kamashine ka oksijeni ka kubana kidole. Juzi kalionyesha 95 lakini mama anahema kama katoka kukimbia. Tuamini kipi? (Dada wa Tanga)

Mwamini mama yako, dada. Mtu anayehema hivyo anapelekwa hospitali hata kama namba inapendeza, na natumaini mlishampeleka.

Sasa nikuelezee. Ndani ya hako kamashine kuna vitaa viwili, kimoja chekundu unakiona, kingine cha infraredi jicho halikioni, na upande wa pili wa kidole kuna jicho la mashine linalopokea mwanga uliopenya. Damu yenye oksijeni inapitisha mwanga mwekundu kwa wingi, damu iliyoishiwa oksijeni inaumeza, na kwenye infraredi mambo yanageuka. Mashine inalinganisha hizo taa mbili basi. Lakini kidole kina nyama, kina mfupa, kina ngozi, na vyote vinameza mwanga, sasa utajuaje upi umemezwa na damu? Hapo ndo kuna kazi ya Mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, injinia wa kampuni ya Nihon Kohden. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anapima kitu kingine kabisa, anataka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani, na mapigo ya mshipa yakawa yanamsumbua, kila akichora mstari wake unatetemeka. Alihangaika kuyaondoa yale mapigo, halafu akagundua kwamba kinachotetemeka ni damu ya ateri peke yake, mfupa hautetemeki, ngozi haitetemeki, kwa hiyo ukichukua ule mtetemo tu umeipata damu unayoitaka. Kile alichokuwa anakifukuza ndo kikawa kipimo. Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima inagombania hivyo vimashine kwa sababu ya korona.

Shida inaanzia hapa. Mashine ikishapata uwiano wa zile taa mbili inaangalia kwenye jedwali lililomo ndani yake, na jedwali lilitengenezwa kwa kuwapima watu waliojitolea, wazima, wakipunguziwa oksijeni kidogo kidogo huku damu yao inachukuliwa. Na kwa miaka mingi wengi wao walikuwa weupe. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walitoa matokeo yao: walichukua wagonjwa ambao kamashine kaliwaonyesha kati ya 92 na 96, yaani mtu unaona yuko salama salama, wakalinganisha na damu iliyotolewa kwenye ateri muda huohuo. Kwa wagonjwa weupe, asilimia 3.6 walikuwa kweli wako chini ya 88. Kwa weusi, asilimia 11.7. Karibu mara tatu! Mimi niliposoma hiyo niliweka karatasi chini nikakaa kimya, maana hivyo vimashine nimevitengeneza mamia, nimevirudisha wodini nikiwaambia manesi viko sawa, na mafundi tulikuwa tunavijaribu kwa kujibana kidole wenyewe, kikionyesha 98 unasaini.

Kwa hiyo ukiwa na ngozi kama yetu usiichukulie namba kama hukumu. Angalia inavyotembea, kama jana alikuwa 98 na leo 94 hiyo ina maana kubwa kuliko 94 yenyewe. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Vidole vya baridi navyo vinaharibu, mpashe mikono joto kwanza. Na kucha, jamani. Nilishaitwa wodini kwamba mashine imekufa, nikabadilisha betri, nikabadilisha waya, nikaleta nyingine, nayo inaonyesha vistari tu. Mgonjwa alikuwa bibi harusi wa siku tatu, piko nyeusi tii kuanzia kucha mpaka kiungo cha kwanza cha vidole. Nesi mmoja mtu mzima akaja, hakusema kitu, akachomoa kibanio cha kidole akaweka cha sikio, sekunde tano namba ikatoka. Mwanga ulikuwa unaishia kwenye piko.

Mwanangu kamaliza dozi ya mseto ya malaria wiki mbili zilizopita na amepona, anacheza. Nimempima tena na kile kipimo cha haraka bado kinaleta mistari miwili. Dawa imegoma? (Mama wa Kigoma)

Hapana mama, si lazima. Hicho kipimo hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, inaitwa HRP2. Mdudu akifa ile protini inabaki inazunguka kwa wiki kadhaa, hata mwezi na zaidi, ni kama kuingia jikoni ukasikia harufu ya samaki ukasema samaki yupo, kumbe waliliwa jana. Ndo maana wahudumu wanaambiwa wasikitumie kuhakikisha kama mtu kapona. Homa ikirudi nenda akapimwe kwa darubini, pale damu inapakwa kwenye kioo na mtaalamu anawahesabu wadudu wenyewe.

Na kuna upande wa pili ambao unanitisha zaidi. Wapo wadudu waliopoteza jini la kutengeneza hiyo HRP2. Mtoto anawaka homa, damu imejaa vimelea, kipimo kinaleta mstari mmoja, anarudishwa nyumbani na panado. Eritrea waliliona hilo kwa wingi mpaka mwaka 2016 wakabadilisha vipimo vya nchi nzima, wakahamia vinavyotafuta protini nyingine. Kipimo chenyewe kilikuwa kizima, mdudu ndo alijificha pale kipimo kisipoangalia.

Niliskia huko Tanzania mnatumia panya kupima TB. Ni ukweli ama ni stori tu? (Msomaji wa Nairobi)

Ni kweli ndugu yangu, na wako Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika linaitwa APOPO. Ni panya buku, wale wakubwa, na hawaoni vizuri lakini pua yao acha kabisa. Wanaanza kufundishwa wadogo, kila akinusa harufu sahihi anasikia mlio wa tik halafu anapewa chakula, mpaka akili yake inashika kwamba harufu hii ni chakula. Kwenye kifua kikuu wanapangiwa makohozi kwenye vitundu, makohozi yenyewe yameshachemshwa kuua wadudu, panya anapita anachungulia kwa pua, akikaa sekunde kama tatu kwenye kitundu kimoja maana yake hapo kuna kitu. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20, mtaalamu wa darubini angechukua mpaka siku nne.

Kwanini panya apate alichokosa mtu? Kwa sababu darubini inahitaji wadudu wengi ndo uwaone, kama elfu tano mpaka kumi kwa mililita moja ya makohozi, na mtu mwenye wachache anaambiwa hana akarudi nyumbani kulala chumba kimoja na watoto. Panya ananusa kemikali ambazo wale wadudu wanazitoa. Lakini panya haandiki cheti. Sampuli aliyoishtukia inarudishwa maabara ikathibitishwe, na hiyo ni sawa kabisa, naipenda hata kwa mashine.

Wenzao wa mabomu nao wanatoka hapohapo. Magawa alizaliwa Morogoro akapelekwa Kambodia, akatafuta mabomu ya ardhini, mzito kama kilo moja na kidogo kwa hiyo anapita juu ya bomu halilipuki, na mwaka 2020 Waingereza wakampa medali ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama. Alifariki Januari 2022. Aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na kila kimoja ni mguu wa mtu uliobaki.

Nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Wameleta mashine unaweka dhahabu inakwambia karati bila kuikwaruza wala kuiyeyusha. Inaweza kudanganywa? (Kaka wa Geita)

Inaweza kaka, na nafurahi umeuliza kabla hujaumia.

Hiyo mashine inapiga eksirei kwenye dhahabu. Kila atomu ina elektroni zilizopangana kwa ngazi, eksirei inaing'oa moja ya ndani kabisa, ya ngazi ya juu inashuka kujaza pengo, na ikishuka inatoa eksirei yake yenye nguvu maalum ambayo ni ya metali hiyo tu. Dhahabu ina yake, shaba ina yake, fedha ina yake, ni kama kila moja ina mlio wake wa simu. Kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, alilipanga hilo mwaka 1913, na miaka miwili baadae akafa vitani akiwa na miaka 27, huwa nikiliwaza linaniuma. Mashine inasikiliza milio, inahesabu mingapi ya dhahabu mingapi ya shaba, inakupa karati.

Ila hiyo milio inatoka juu juu. Ya ndani inamezwa na dhahabu yenyewe kabla haijafika nje, kwa hiyo mashine inaona ngozi tu ya kile kipande, kina chake ni chembamba kuliko unywele. Mtu akipaka dhahabu nzito juu ya kitu kingine, mashine itasoma ngozi ikakupongeza. Kwa kipande kidogo, kikate katikati upime na pale kwenye kidonda. Kama hutaki kukata, pima kwa maji: uzito wa hewani ugawanye kwa uzito uliopungua kikizama, dhahabu safi ikupe kama 19.3, shaba iliyopakwa rangi haitafika hata 9. Hiyo inawakamata wengi. Haimkamati anayetumia tangisteni, maana tangisteni ni 19.25, karibu sawasawa, na matapeli wanalijua hilo kuliko sisi. Kwa vipande vikubwa kuna kipimo cha sauti, unapeleka mlio upande mmoja unasubiri mwangwi, kwenye dhahabu sauti inatembea kama mita 3,200 kwa sekunde, kwenye tangisteni kama 5,200, hapo mtu hachomoki. Na ukiwa na wasiwasi wa pesa nyingi rudi kwenye moto, yeyusha. Sonara wa zamani na jiwe lake na asidi yake hakuwa mjinga, naye alikuwa anaangalia ngozi tu na alijua kwamba anaangalia ngozi.

Kijana, nimesikia kilo ilibadilishwa mwaka 2019. Mbona dukani sukari ni ileile? (Mwalimu mstaafu, Unguja)

Shikamoo mwalimu. Sukari haijaguswa. Kilichobadilika ni kilo inatoka wapi. Tangu 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha platinamu na iridiamu, kimefungiwa Sèvres karibu na Paris, ndani ya vibweta vya kioo. Kilo zote, mpaka jiwe la mizani la muuza dengu wa Darajani, ukifuatilia ukoo wake unaishia pale. Wakaja kukilinganisha na nakala zake wakaona wametofautiana kama maikrogramu 50, na hakuna wa kusema nani kapungua nani kaongezeka, maana yeye ndo kilo! Basi kuanzia tarehe 20 Mei 2019 kilo inatokana na namba ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika, ambayo haichakai wala haiibiwi, na mizani maalum ya umeme inaifikisha kwenye uzito. Hiyo maikrogramu 50 ni kama alama ya kidole kwenye kioo. Lumbesa sokoni ndo inayotuibia mwalimu, na hiyo Planck hawezi kutusaidia.

Bro, wanasayansi wanasema walisikia mashimo meusi yakigongana. Angani hamna hewa, walisikiaje? (Mwanafunzi, Dodoma)

Swali zuri dogo, na uko sahihi, sauti ya kawaida haiwezi kupita huko. Walichokipata ni nafasi yenyewe kutikisika, Einstein aliliandika mwaka 1916 na inasemekana mwenyewe alikuwa na mashaka kama litawahi kupimwa. Marekani wana vituo viwili vya LIGO, kimoja jimbo la Louisiana kingine jimbo la Washington, umbali kama kilomita 3,000, kila kimoja kina mabomba mawili ya kilomita 4 yamekaa kama herufi L, ndani yametolewa hewa. Leza inagawanywa pale kwenye kona, inakwenda kwenye vioo vya kilo 40 vilivyoning'inizwa kwa nyuzi za glasi, inarudi, na taa mbili zikikutana zinauana, giza. Wimbi likipita linarefusha mkono mmoja linafupisha mwingine, taa haziuani tena vizuri, mwanga unavuja. Hicho kimwanga ndo kipimo.

Tarehe 14 Septemba 2015 kilivuja kwa sekunde 0.2. Kila mkono ulibadilika kwa kama sehemu moja ya elfu moja ya upana wa protoni, ile chembe ya ndani kabisa ya atomu, naomba usome tena hapo taratibu. Sasa lori likipita barabarani linatikisa zaidi ya hapo, miti ikianguka vilevile, utajuaje? Kwa sababu kituo cha pili kiliona umbo lilelile la wimbi milisekunde 7 tofauti, lori haliwezi kupita Louisiana na Washington kwa pamoja. Mashimo mawili, moja mara 36 ya jua jingine mara 29, yaligongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Na neno kusikia lina ukweli wake, maana yale mawimbi yalipanda kutoka kama 35 mpaka 250 kwa sekunde, ukiyaweka kwenye spika unasikia kitu kama mlio unaopanda, wuup, basi.

Mimi ni wa Kilifi. Kule kwenye pango la Panga ya Saidi walitoa mifupa ya mtoto wakasema ana miaka 78,000. Mfupa hauna cheti, wamejuaje? (Msomaji wa Kilifi)

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndo limenikaa moyoni.

Wengi wanajua kipimo cha kaboni. Mwili ukifa kaboni 14 iliyomo inapungua nusu kila miaka 5,730, unapima iliyobaki unajua muda. Lakini kwa miaka 78,000 imekatwa nusu mara 13 na zaidi, inabaki chini ya sehemu moja kati ya elfu kumi na mbili, vumbi kidogo tu la leo likiingia limeharibu jibu lote. Kaboni inaishia kama miaka elfu hamsini. Kwa vitu vya kale zaidi kama Zinj wa Olduvai, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu ambaye fuvu lake lilipatikana na Mary Leakey mwaka 1959, walipima majivu ya volkano, potasiamu inayogeuka agoni, ikaja miaka milioni 1.75. Panga ya Saidi hawakuwa na majivu ya volkano ya kutegemea. Walikuwa na mchanga.

Chembe ya mchanga ikiwa imefukiwa gizani inapigwa taratibu na mionzi ya asili iliyoko kwenye udongo, na elektroni zinanasa ndani yake, mwaka hadi mwaka, zinajazana. Jua likiipiga zote zinatoka, inaanza upya sifuri. Kwa hiyo ile chembe inahesabu muda tangu mara ya mwisho ilipoona jua. Ukitaka kuisoma lazima uichukue bila kuionyesha mwanga, wanapigilia bomba la chuma kwenye ukuta wa shimo, wanaziba, wanafungulia maabara yenye taa nyekundu hafifu. Halafu wanaimulika wao wenyewe, chembe inatoa mng'ao mdogo sana, mng'ao unahesabiwa, unagawanywa kwa kiwango cha mionzi ya kila mwaka, unapata miaka. Yule mtoto walikuwa hawajampima yeye. Walipima mchanga waliomzunguka, jioni gani uliingia gizani.

Mifupa yenyewe ilikuwa laini kama unga, ukigusa inamomonyoka. Wakaizungushia plasta, wakalinyanyua donge zima likapelekwa Nairobi kisha Burgos, Hispania, wakalipiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka bila kulivunja. Meno ndo yaliwaambia ni binadamu. Umri wake kama miaka miwili na nusu hadi mitatu, jina walilompa ni la kwetu, Mtoto. Na zile picha zikaonyesha alivyolazwa: ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mfupa wa bega na mbavu za juu vimejibana namna ambayo mwili unajibana ukiwa umeviringishwa kwa nguvu kwenye kitu, ngozi au majani, sanda yake. Kichwa kimeinama na shingo imeshuka kidogo, vile inavyotokea ukiwa umelaza kichwa kwenye kitu laini na hicho kitu kikaoza. Mto umekwisha zamani, lakini picha inaonyesha pale ulipokuwa.